Trauti wa madoa hagusi chambo? Anza na maji

Anayehamia Houston kutoka Tanga, Mombasa au Unguja hudhani ataendelea na uvuvi pale pale alipouachia. Mshipi ni ule ule, kamba wa baharini ni wale wale. Kisha anasimama ukingoni mwa Galveston Bay, ghuba iliyo jirani na Houston, tangu alfajiri hadi jua la utosi, na kurudi nyumbani na boksi lenye barafu tupu. Safari inayofuata ananunua chambo cha rangi nyingine. Ikishindikana tena, analaumu fimbo. Kwa kawaida tatizo haliko kwenye chambo wala kwenye fimbo. Liko kwenye maji, kwa sababu maji ya pwani ya Texas hayaendi kwa kanuni tuliyolelewa nayo.

Samaki tunayemzungumzia ni Cynoscion nebulosus, trauti wa madoa, anayeishi Ghuba ya Mexico na pwani ya kusini-mashariki ya Marekani. Hana undugu na trauti wa mito baridi ya Mlima Kenya. Ni wa ukoo wa Sciaenidae, samaki ambao madume yao hunguruma kwa kibofu cha hewa jioni wakati wa kuzaliana. Mgongo wake ni wa kijivu chenye mng'ao wa fedha, una madoa meusi ya mviringo yanayofika hadi pezi la mgongoni na mkiani. Mbele ya taya la juu kuna meno marefu kama ya mbwa, ila ngozi ya mdomo ni laini kama karatasi iliyolowa. Hilo la mdomo likumbuke, tutalirudia.

Tafuta dalili inayokuhusu uanzie hapo. Ya kwanza isome hata kama unaona haikuhusu.

Umerusha kutwa, hata mguso hakuna

Kwanza jiulize kama mahali uliposimama kuna chakula. Trauti hakai mahali pamoja kama changu wa mwambani. Anafuata kamba na visamaki, na wao wakihama naye anahama. Kabla hujafunga ndoana, tazama maji kwa dakika kumi bila kurusha kitu. Mkizi mmoja akiruka juu na kuanguka kwa ubavu, hiyo si habari. Mkizi huruka hivyo siku zote. Habari ni kundi zima la mkizi wadogo kuchomoka kwa pamoja, chini chini, upande mmoja, kama waliotimuliwa. Kamba wakirukaruka juu ya uso wa maji, ujue chini yao kuna mtu anakula. Wahenga walisema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na huku Texas methali hiyo inafanya kazi vizuri tu.

Ishara nyingine wageni hawaijui kabisa, nayo ni doa la mafuta. Trauti wakila kwa fujo, mafuta ya walichokitafuna hupanda juu na kutandaza kiraka kinyororo kinachong'aa huku maji ya pembeni yakiwa na viwimbi. Ukiwa upande unakopelekwa na upepo utasikia harufu, na harufu yenyewe ni ya tikitimaji lililokatwa. Kiraka kidogo, cha ukubwa wa meza, ni kipya: rusha hapo hapo. Kiraka kikubwa kimeshasukumwa na upepo, hivyo samaki wako upande upepo unakotoka, na huko ndiko pa kurusha. Mafuta ya injini usiyachanganye na haya. Yana rangi za upinde wa mvua na yananuka dizeli.

Usipoona mkizi, kamba, ndege wala doa la mafuta, ondoka. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kuhama. Nusu ya wanaolalamika kwamba samaki hawali walikuwa wanavua mahali ambapo samaki hawapo.

Pili, je, maji yanatembea? Hapa ndipo mtu wa pwani yetu anapojikwaa. Kwetu bamvua inapandisha na kushusha maji zaidi ya mita tatu. Unaangalia mwezi, unajua saa ya kwenda. Galveston tofauti ya kupwa na kujaa kwa kawaida haifiki nusu mita, na siku nyingine maji hujaa mara moja tu na kupwa mara moja. Jedwali la kupwa na kujaa lipo, lakini upepo unaweza kulifanya karatasi ya bure. Galveston Bay ina kina cha wastani cha mita mbili hivi, kwa hiyo upepo mkali wa kaskazini unasukuma maji yote nje na kuacha matope wazi hata kama jedwali linasema maji yamejaa. Upepo wa kusini-mashariki wa siku kadhaa unafanya kinyume: maji yanabaki juu, yanaingia hadi kwenye majani ya kinamasi, na samaki wanaingia nayo.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kituo cha kupimia maji cha NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, kilichopo Pier 21, Galveston, kinaonyesha mtandaoni mistari miwili: kimo kilichotabiriwa na kimo kilichopimwa kweli. Itazame yote miwili usiku kabla hujatoka. Mistari ikikaa mbalimbali, ujue upepo ndio unaotawala, na jedwali uliache. Unachotafuta ni saa ambazo mstari wa kipimo halisi unapanda au kushuka kwa kasi. Mstari ukilala, mara nyingi na trauti naye analala.

Maji yakitoka, simama kwenye midomo: pale vijito vya kinamasi vinapomwaga ghubani. Kamba na visamaki hawana njia nyingine ya kutoka, na trauti anawasubiri nje ya mdomo, penye kina kirefu kidogo. Maji yakiingia, sogea kwenye miamba ya chaza na kingo za fukwe. Kusini zaidi, Laguna Madre, ambako maji ni ya kina cha mita moja hivi na chini kumejaa majani ya bahari, tafuta vidimbwi vya mchanga mweupe katikati ya majani. Trauti hukaa ukingoni mwa dimbwi, ndani ya kivuli cha majani, akitazama kinachokatiza kwenye mchanga. Chambo kipite ukingoni. Cha katikati ya dimbwi atakiona, lakini mara nyingi hatakifuata.

Tatu, rangi ya maji. Wavuvi wa huku wanataka kijani kilichofifia, ambacho ukizamisha chambo kwa kina cha mkono bado unakiona. Maji ya chai ya maziwa si mwisho wa safari: tafuta mstari pale maji machafu yanapokutana na safi, urushe kuufuata mstari wenyewe, usiukatize. Usipoupata, tumia sauti badala ya macho, yaani boya lile lenye shanga ambalo ukilivuta linapiga maji na kutoa mlio. Mlio huo unafanana na trauti anayemshambulia kamba juu ya maji, na wenzake huja kutazama.

Kuhusu rangi za chambo cha plastiki nitasema kidogo, kwa kuwa maduka yamesema mengi mno: kiza kwa maji machafu, rangi angavu kwa maji safi. Yanayobaki ni biashara.

Jana walijaa, leo hata mmoja

Angalia upepo umegeuka lini. Kuanzia Oktoba hadi Machi, baridi huingia Texas kwa mawimbi. Siku moja kabla, upepo wa kusini unavuma, hewa ni nzito, na trauti wanakula kama wanaojua kinachokuja. Baridi ikishapita, upepo unageuka kaskazini, anga linakuwa buluu tupu, maji yanakimbia ghubani, na samaki wanashuka kwenye mifereji na mashimo. Kwenda pale pale pa jana ni kupoteza petroli. Shuka nao kwenye kina, tumia chambo kizito kidogo, kivute taratibu kupita unavyodhani ni taratibu, au subiri siku mbili tatu.

Katikati ya majira ya baridi kuna mahali panapowashangaza wengi: matope meusi, yenye magamba ya chaza yaliyotawanyika, karibu na mfereji wenye kina. Jua la mchana linapasha matope, matope yanapasha maji, mkizi wanajaa juu yake, na trauti wakubwa wanapanda kutoka mferejini. Alfajiri ya Januari lala tu. Saa nane mchana ndiyo saa yako. Maji yakishuka kuelekea nyuzi 7 za Selsiasi usivue kabisa, kwa kuwa hapo samaki wanapigania uhai. Baridi ya Februari 2021 iliua samaki wasiopungua milioni 3.8 kwenye pwani ya Texas kwa makadirio ya idara ya wanyamapori ya jimbo, na trauti walikuwa miongoni mwao.

Kama haikuwa baridi, uliza mvua. Mto Trinity na San Jacinto yanamwaga Galveston Bay, na mvua kubwa ikinyesha bara, ghuba ya juu inageuka maji yasiyo na chumvi kwa siku au wiki. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilikuwa mfano wa kupindukia, lakini hata masika ya kawaida yanatosha kuwahamisha. Trauti wanateremka kuelekea chumvi: East Bay ya chini, West Bay, kuta za mawe za mlango wa bahari. Ila si wote. Maji ya chumvi ni mazito, hulala chini ya maji ya mvua, na kwenye mifereji yenye kina unaweza kukuta uso wa maji ni wa kahawia usio na uhai huku mita mbili chini samaki wanakula. Kabla ya kukimbilia kusini, zamisha chambo kimoja hadi chini ya mfereji.

Wakati wa joto sababu ni nyepesi zaidi. Alfajiri wako magotini, kwenye maji ya kina cha goti. Jua likipanda wanashuka kwenye miamba ya chaza katikati ya ghuba. Upepo ukitulia siku kadhaa za Julai, maji ya kijani yanafika hadi ufukwe wa bahari kuu, na trauti wanaingia kwenye mifereji kati ya mafungu ya mchanga, hatua chache kutoka kwenye taulo za watu wanaoota jua.

Boya linazama, ukivuta hakuna kitu

Mara nyingi huyo si trauti. Ni pinfishi, visamaki vya miiba vinavyodonoa kamba vipande vipande. Boya likitetemeka na kuchezacheza, ni wao. Trauti analizamisha mara moja na kwenda nalo. Ukiwa juu ya majani ya bahari, pinfishi hawana mwisho. Hamia ukingoni, au weka chambo cha plastiki wasichoweza kumaliza.

Kama ni trauti kweli na bado unamkosa, angalia ulivyomtunga kamba. Mshike kamba hai, mtazame kichwani kupitia lile gamba linalopitisha mwanga: utaona kidoa cheusi nyuma kidogo ya pembe. Ndoana ipite chini ya pembe, mbele au pembeni ya kidoa hicho. Ukikitoboa, kamba anakufa hapo hapo na kuning'inia. Asipoguswa kidoa, anapiga mkia kurudi nyuma kila boya linapolia, na ndicho trauti anachokitaka. Ndoana iwe ndogo na nyembamba, maana nene inamuua kamba kabla ya kazi.

Kwa chambo kinachoelea, kosa ni pupa. Maji yanalipuka, mtu anashtuka na kuvuta, na chambo kinamrukia usoni kikiwa na ndoana tatu. Endelea kukichezesha kana kwamba hujaona kitu. Ukihisi uzito, hapo ndipo unainua fimbo.

Unapata kambare wa baharini tu

Kamba wako amelala chini. Fupisha mshipi ulio chini ya boya: kwenye maji ya mita moja, sentimita 45 hadi 60 zinatosha, na juu ya majani ya bahari chambo kipite juu ya majani, kisizame ndani yake. Trauti macho yake yanatazama juu na mbele, hachimbi. Kambare mwenyewe mfungue kwa koleo. Miiba ya mgongoni na ya mbavuni ina sumu, na ikikuchoma utakumbuka jioni nzima.

Ameshika, ametikisa kichwa, ameponyoka

Turudi kwenye mdomo laini. Trauti akishikwa hupanda juu, anafungua mdomo na kutikisa kichwa nusu nje ya maji. Ukimvuta kwa nguvu wakati huo, ndoana inachana ngozi na tundu linakuwa kubwa kuliko ndoana yenyewe. Ukilegeza mshipi, inadondoka. Breki ya rili iwe laini kiasi kwamba ukiuvuta mshipi kwa mkono unatoka bila kukwama. Fimbo yenye ncha inayopinda inasaidia kuliko fimbo ngumu. Akipanda kutikisa kichwa, shusha ncha ya fimbo pembeni, karibu na maji, uendelee kumkaza bila kumvuta. Na usimnyanyue kwa mshipi. Chukua wavu, umwingize kichwa kwanza.

Mshipi unakatwa

Pitisha vidole kwenye sehemu iliyokatika. Ikiwa ina mikwaruzo na nyuzi, ni chaza. Kata kipande kilichochubuka chote ufunge upya. Ikiwa imekatwa safi kama kwa wembe, ni nguru wadogo au blufishi, hasa karibu na kuta za mawe. Floarokaboni, ule mshipi mgumu usioonekana kirahisi majini, ya ratili 20 kwa urefu wa mkono, mbele ya mshipi wa kusuka, inamtosha trauti. Usiweke waya kwa ajili ya hao wengine.

Kamba hai wanakufa kabla hujafika

Joto na hewa. Ndoo iwe na pampu ya hewa, iwekwe kivulini. Barafu usiimwage ndani, kwa sababu ya bomba ina klorini na inapunguza chumvi. Gandisha chupa ya maji iliyofungwa, itumbukize nzima. Waliokufa waondoe, wanachafua maji ya waliobaki. Usichukue wengi kupita uwezo wa ndoo. Ishirini wachangamfu ni bora kuliko hamsini waliolegea.

Wote ni wadogo

Uko chini ya shakwe. Septemba hadi Novemba kamba wanatoka kinamasi kuelekea baharini, makundi ya trauti wadogo yanawapandisha juu, na shakwe wanapiga kelele hapo juu. Ni raha kubwa na ni mahali pazuri pa kumfundisha mtoto kuvua. Kaa upande upepo unakotoka, zima injini mapema, jiachie usukumwe. Anayeingia katikati na injini inaunguruma anawaharibia wote. Ila wakubwa hawako humo. Trauti mkubwa, na zaidi ya sentimita 50 karibu wote ni majike, anatembea peke yake au na wenzake wachache. Anakula mkizi badala ya kamba, na anapenda maji mafupi ambayo watu wengi wanayapita kwa boti wakielekea mbali.

Kumfuata inabidi ushuke utembee. Telezesha miguu kwenye matope bila kuinyanyua, ili taa aliyejifukia akusikie na kuondoka, ukimkanyaga atakuchoma. Akikuchoma, maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia yanapunguza maumivu, kisha nenda hospitali. Mwenye kidonda kibichi, au ugonjwa wa ini, asiingie majini wakati wa joto: kuna bakteria wa Vibrio vulnificus, na hao hawana mzaha. San Luis Pass, mlango wa bahari ulio mwisho wa magharibi wa kisiwa cha Galveston, usitembee kabisa. Mkondo wake umeshaua watu.

Sheria iko upande wa hao majike. Tangu 2024 Texas inaruhusu trauti watatu kwa siku, wa inchi 15 hadi 20, yaani sentimita 38 hadi 51 hivi, na wa zaidi ya inchi 28 kwa lebo maalumu pekee. Pima mdomo ukiwa umefungwa na mkia umebanwa. Mwenye miaka 17 na kuendelea anahitaji leseni pamoja na kibali cha maji ya chumvi. Viwango hubadilika, na Louisiana ina vyake, kwa hiyo soma vya mwaka huu kabla hujatoka.

Umempasua, kuna minyoo kwenye mnofu

Mnyoo mweupe, mrefu, kama tambi, kwenye nyama ya mgongo karibu na uti. Ni buu la tegu ambaye mwenyeji wake wa mwisho ni papa, na hamdhuru binadamu. Mtoe kwa ncha ya kisu, kaanga. Anayetakiwa kukutia wasiwasi ni samaki uliyemvua Houston Ship Channel au sehemu ya juu ya ghuba, ambako idara ya afya ya jimbo imetoa onyo kuhusu dioksini na PCB, kemikali zenye sumu. Huyo hata awe safi kwa macho, fuata onyo.

Na kama nyama imelegea kama uji, minyoo haihusiki. Nyama ya trauti huharibika haraka. Akivutwa majini akiwa ametungwa kwenye uzi mchana kutwa wa Agosti, jioni hafai. Mtie kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari mara tu anapotoka, mpasue siku hiyo hiyo, na ule wiki hiyo hiyo, friza haimpendezi. Wa kukaanga mkate vipande vinene. Wa nazi mwache mzima, mpake ndimu na chumvi, umkaushe kidogo kwenye mafuta kabla hajaingia kwenye tui, la sivyo atavunjikavunjika sufuriani.